Laptopu Inayopozwa kwa Maji: Dalili za Matatizo, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuyatengeneza kwa Mazingira ya Visiwani

Makala haya yanawahusu wale waliokwisha kujenga mfumo wa kupoza laptopu kwa maji na sasa mfumo huo unawaletea matatizo. Ninazungumzia ule wa kutengeneza kwa mkono: kipande cha bomba la shaba la robo inchi, lile wanalotumia mafundi wa mafriji, hugongwa taratibu mpaka liwe bapa, kisha hulehemiwa juu ya mirija ya joto ya laptopu, yaani ile mirija ya shaba inayoliondoa joto kwenye prosesa, na ncha zake mbili hutokezwa nyuma ya mashine. Kutoka hapo mipira miwili huyapitisha maji kwenye tangi dogo, pampu ya volti 12 na rejeta ya sentimita 12 yenye feni yake. Hapa kwetu wengi wanaoutaka ni wahariri wa video za harusi, ambao msimu ukipamba moto hulazimika kuiacha mashine itoe video (kurenda, yaani kuzigeuza picha zilizohaririwa ziwe faili lililokamilika) usiku kucha katika chumba chenye nyuzi 31 za Selsiasi, ambapo feni za kiwandani hushindwa.

Maelekezo mengi ya ujenzi wa mifumo hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Ni maelekezo mazuri, lakini huchukulia kwamba hewa ni kavu, umeme haukatiki na maji ya bomba hayana chumvi nyingi. Karibu kila mfumo ulioharibika ambao nimeufungua Unguja na Pemba uliharibikia kwenye mojawapo ya mambo hayo, ndiyo maana nitayakalia kwa urefu kuliko mengine.

Pima kabla ya kufungua

Kosa ninaloliona mara nyingi ni fundi kufungua laptopu kabla hajajua ugonjwa uko wapi. Kila unapofungua unaivuruga pesti ya kupitishia joto, unalegeza skrubu na kuisumbua mipira, na unaweza kuzalisha tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Tafuta vipimajoto viwili vidogo vyenye waya, vya aina inayotiwa ndani ya friji. Kimoja kifunge kwa tepu kwenye bomba la maji yanayoingia kwenye laptopu na kingine kwenye bomba la yanayotoka, uvifunike kwa kitambaa ili visisome hewa ya chumba. Joto la chumba lipime mapema, na la prosesa lisome kwa programu: HWiNFO kwa wanaotumia Windows, lm-sensors kwa wanaotumia Linux. Kisha ipe mashine kazi nzito isiyokatika kwa nusu saa, uandike namba zote nne kila baada ya dakika tano.

Namba hizo zitakupa mapengo, na kila pengo lina mkosaji wake. Prosesa ikiwa moto sana kuliko maji, lawama iko kwenye mgusano baina ya prosesa, mirija ya joto na bomba la maji. Maji yanayotoka yakiwa moto sana kuliko yanayoingia, mtiririko ni mdogo. Maji yote yakiwa moto sana kuliko chumba, rejeta haifanyi kazi yake. Katika laptopu ninayoifanyia kazi mwenyewe, ambayo prosesa yake hula wati 60 hivi, chumba kikiwa nyuzi 31 maji hutua kwenye 38 na prosesa kwenye 76. Namba zako zitatofautiana na hizi kwa sababu mashine hazifanani. Kilicho muhimu ni kuwa na zile ulizoziandika siku mfumo ulipokuwa mzima, uzilinganishe na za leo.

Prosesa inaruka joto ndani ya sekunde, mipira ingali baridi

Ukianza kazi nzito na prosesa ikafika nyuzi 95 kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi, hali mipira ni baridi mkononi, basi joto haliyafikii maji. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa ukomo wa karibu nyuzi 100, na zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe, hivyo mtumiaji huona uzito wa kazi kabla hajahisi joto lolote kwenye kibodi.

Anza na mipira yenyewe, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Mpira mgumu unaovuta ncha ya bomba la shaba hukinyanyua kitako cha kipozeo (kile kipande cha chuma kinachoikalia prosesa, pamoja na mirija yake ya joto) upande mmoja kwa unene mdogo kuliko wa ukucha, na hilo linatosha kabisa. Mashine ikiwa kazini, inyanyue mipira kidogo kwa mkono ili uondoe uzito wake, huku macho yako yakiwa kwenye programu. Joto likishuka, umeshapata chanzo, na dawa yake ni kuifunga mipira kwenye gamba la mashine ili mzigo usifike kwenye kipozeo.

Kama halikushuka, fungua na uitazame alama iliyoachwa na pesti. Alama nzuri ni nyembamba na imesambaa sawasawa. Ikiwa nene upande mmoja, skrubu zilikazwa bila mpangilio, nazo zinapaswa kukazwa kwa kuvuka, kila moja kidogo kidogo, kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni mwake. Futa kwa spiriti ya asilimia 99, pakaza pesti mpya nyembamba mpaka kwenye kona zote za chipu, kwa kuwa chipu ya laptopu haina kifuniko cha chuma juu yake kama ile ya kompyuta ya mezani.

Lipo kosa zito zaidi ambalo pesti haiwezi kuliponya. Mrija wa joto ni mrija wa shaba uliofungwa pande zote, wenye maji kidogo ndani yaliyofungiwa bila hewa. Maji hayo hugeuka mvuke kwenye upande wa prosesa na kurudi maji kwenye upande wa baridi. Fundi akiulehemu kwa risasi ya kawaida iliyochanganywa na bati, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183, mvuke ulio ndani hufikia mgandamizo wa baa 10 na zaidi, yaani kama mara kumi ya ule wa hewa ya kawaida. Akiizidisha pasi ya kulehemia hadi nyuzi 250, mgandamizo unafika baa 40 hivi, nao mrija huvimba au hupasuka mshono. Ndiyo maana ninasisitiza matumizi ya lehemu ya bati na bismuthi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 138, ambapo mvuke hauzidi baa 3 na nusu. Kuujua mrija uliokufa ni rahisi: toa kipozeo chote, chovya ncha moja ya mrija kwenye kikombe cha maji ya moto na ushike ncha ya pili. Mrija mzima utakuunguza ndani ya sekunde chache. Uliokufa utabaki vuguvugu kama kijiko cha kawaida. Mrija uliokufa hautengenezwi, hubadilishwa na kipozeo kizima.

Maji yanatoka moto kuliko yalivyoingia

Lita moja ya maji kwa dakika, ikibeba wati 60, hupanda joto kwa chini ya nyuzi moja. Kwa hiyo ukiona tofauti ya nyuzi 5 baina ya kuingia na kutoka, usifikiri kwamba mfumo unabeba joto jingi. Maana yake ni kwamba kinachopita ni kama mililita 170 tu kwa dakika. Hakikisha kwa kuutoa mpira wa kurudi kwenye tangi, uuelekeze kwenye chupa ya lita moja, na uhesabu muda mpaka ijae. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye pampu, kwa sababu hiyo ni ya pampu isiyosukuma chochote, na bomba lililogongwa likawa bapa ni kizuizi kikubwa.

Chanzo cha kawaida ni hewa. Sauti ya pampu kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo ni viputo vinavyopita kwenye panga boi lake dogo. Pampu iwe chini ya tangi ili ijazwe na uzito wa maji, na rejeta isimamishwe matundu yake yakiwa juu. Kisha washa pampu peke yake, laptopu ikiwa imezimwa, uinamishe rejeta huku na huku mpaka viputo viishe kwenye tangi. Pampu isiachwe ikazunguka kavu hata kwa dakika chache, kwa kuwa maji hayo hayo ndiyo yanayolainisha ekseli yake. Ikiwa haizungushi kabisa, angalia kwanza kama nyaya hazikugeuzwa, maana pampu nyingi za aina hii hazizunguki chanya na hasi zikibadilishana. Baada ya hapo tafuta mpira uliojikunja nyuma ya meza, halafu sehemu ya bomba iliyogongwa kupita kiasi. Bapa la milimita 3 hadi 4 linatosha. Chini ya hapo unaziba njia.

Joto linapanda polepole na halitui

Hapa prosesa huanza vizuri, na saa nzima baadaye iko pabaya. Wengi hudhani kwamba tangi kubwa litaliponya tatizo hili, kwa hiyo ninaomba hesabu hii ieleweke. Kwa mzigo wa wati 60 bila rejeta, lita 2 za maji hupanda nyuzi moja kila baada ya dakika 2 na theluthi. Ndoo ya lita 20 hupanda nyuzi moja kila baada ya dakika 23, yaani nyuzi 10 kwa takriban saa nne. Ndoo huahirisha tatizo, na kwa mtu anayefanya kazi ya saa tatu jioni kisha akazima, kuahirisha huko kunaweza kumtosha. Lakini kwa kazi ya usiku kucha, rejeta ndiyo inayoamua.

Angalia kama feni inasukuma hewa upande unaokusudiwa, kama mapezi ya rejeta hayajajaa vumbi, na kama hewa ya moto inayotoka hairudi tena mbele kwa sababu rejeta imebanwa ukutani. Kwa nyumba za karibu na pwani vumbi huchanganyika na chumvi ya upepo likawa tabaka lenye unyevu ambalo brashi kavu hailitoi. Ioshe rejeta kwa nje na maji baridi, uikaushe kivulini, kila mwezi wakati wa kaskazi.

Matone chini ya laptopu: kuvuja au umande?

Kijana mmoja wa Wete aliniletea laptopu iliyozima ghafla, akaniambia, "Fundi, imevuja, lakini kila kiungio nimekikagua na sioni inapovujia." Nilipoigeuza na kufungua mfuniko wa chini, bomba la shaba lilikuwa limejaa vitone vidogo kama punje za mtama, vimepangana kila upande, juu na chini, hata pale ambapo hapakuwa na kiungio kwa umbali wa kidole. Nikamuuliza, "Umetia barafu, mwanangu?" Akajibu, "Nilitia, mzee, ile ya kuhifadhia samaki." Vitone vilikuwa vimetiririka kufuata bomba, vikafika kwenye soketi ya waya wa kibodi, na meno mawili ya soketi hiyo yalikuwa yameshaota kutu ya kijani.

Mfumo wake haukuvuja hata tone moja. Hewa ya chumba chenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa kwetu hasa wakati wa masika, huanza kuacha umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini ya hapo. Ni jasho lile lile linaloota nje ya gilasi ya maji ya baridi. Katika nchi yenye hewa kavu mtu anaweza kushusha maji hadi nyuzi 15 na asione chochote. Hapa nyuzi 4 tu chini ya joto la chumba zinatosha kuinyeshea mazabodi.

Kutofautisha ni kama ifuatavyo. Umande hutokea sawasawa kwenye kila sehemu ya baridi na hukoma ukiyaacha maji yapate joto la chumba. Uvujaji hutokea chini ya kiungio kimoja na huendelea hata maji yakiwa vuguvugu. Ukiwa na shaka, tia tone la rangi ya chakula kwenye tangi kwa ajili ya jaribio hilo tu, na ufute matone kwa karatasi nyeupe ya chooni: yakiwa na rangi yametoka ndani ya mfumo, yakiwa safi yametoka hewani. Baada ya jaribio suuza mfumo wote.

Kanuni ninayoifuata bila kuilegeza ni kwamba maji ndani ya mfumo yasiwe baridi kuliko hewa ya chumba wakati wowote. Barafu isitumike. Vilevile, laptopu iliyokuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi usiitoe nje na kuiwasha papo hapo, kwa kuwa shaba na maji yaliyomo hubaki baridi kwa muda mrefu kuliko plastiki ya mashine. Isubiri nusu saa ikiwa imezimwa.

Wapo walioniuliza kuhusu mtungi, na swali hilo ninalipenda. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuyavukiza kupitia kuta zake, na upozaji wa namna hiyo hauwezi kuyashusha maji chini ya kiwango cha umande, kwa hiyo kwa upande wa matone ni salama kuliko barafu. Udhaifu wake ni kwamba katika hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hauwezi kushuka chini ya nyuzi 27 hivi, na hapo ni kabla ya kuubebesha joto la laptopu. Atakayeujaribu asiyapitishe maji ya mtungi ndani ya mfumo, kwa sababu ya chembe za udongo na chumvi. Azamishe ndani yake mzunguko wa bomba la shaba ambamo maji ya mfumo hupita. Kuvukiza mililita 90 za maji kwa saa hubeba wati 60, kwa hiyo mtungi utahitaji kuongezwa maji kila siku.

Ikiwa ni uvujaji wa kweli, kata umeme, toa betri, na uioshe sehemu iliyolowa kwa spiriti ya asilimia 99 na brashi laini. Usiifukie mashine kwenye mchele, kwani mchele hauondoi chumvi iliyobaki juu ya mazabodi, nayo chumvi ndiyo inayoila shaba siku zinazofuata. Vumbi la mchele nalo huingia kwenye soketi. Iache mbele ya feni kwa siku mbili. Kiungio kilichovuja kirudiwe kwa mpira mpya uliokatwa kwa wembe ncha ikiwa sawa, na klipu ya skrubu. Mpira uliokwisha kutanuka haushiki tena hata ukiubana vipi.

Umeme ukikatika

Tatizo hili sijaliona likielezwa popote kwa uzito unaostahili. Umeme ukikatika, laptopu haizimi, kwa kuwa ina betri yake. Pampu na feni ya rejeta ndizo zinazosimama. Prosesa inaendelea na kazi ya kutoa video kana kwamba hakuna kilichotokea, huku maji yaliyokwama ndani ya bomba la shaba yakipata moto ndani ya muda mfupi. Dalili yake ni mashine inayozima yenyewe dakika chache baada ya umeme kukatika, au mpira uliolainika na kuchomoka kwenye ncha ya bomba wakati wa usiku bila sababu ya kuonekana. Mhariri anapoamka hukuta maji mezani na umeme umesharudi, na huilaumu klipu.

Umeme wetu Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na Pemba vilevile imeunganishwa kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu bila umeme huo. Mfumo wowote unaojengwa hapa ujengwe kwa kutarajia kukatika.

Hatua ya kwanza ni kutoziondoa feni za kiwandani pamoja na mapezi yake, hata kama maji yanatosha peke yake. Zitaibeba mashine pampu ikisimama. Ya pili ni kupunguza ukomo wa prosesa kwenye mpangilio wa betri, mathalani hadi asilimia 60, ili umeme ukikatika mzigo ushuke wenyewe bila mtu kuamka. Ya tatu, kwa anayeweza, ni kuiendesha pampu kwa betri ya risasi iliyofungwa ya volti 12 na ampea-saa 7, ya aina inayotiwa ndani ya UPS, ikiwa na chaja yake wakati wote. Pampu ya wati 4 na feni ya wati 2 hula nusu ampea kwa jumla, kwa hiyo hata ukiitumia nusu tu ya betri ili idumu, unapata saa saba. Kwa kuwa betri inayochajiwa hufika volti 13 na zaidi, weka kidhibiti cha volti 12 kabla ya pampu. Umeme unaporudi huweza kuja na mshtuko unaounguza adapta ndogo, hivyo chaja na adapta ziunganishwe kupitia kile kifaa cha kulindia friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme.

Maji yamebadilika rangi au yameota kitu

Maji ya visima vya Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe, na yeyote anayechemsha chai anayajua magamba meupe yanayoganda ndani ya birika. Magamba hayo hayo hugandia ndani ya bomba lako bapa, na karibu na pwani kuna chumvi ya bahari juu yake. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa maji, ambayo kwetu huuzwa kwenye maduka ya spea na vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri.

Jina hilo lina hatari ambayo ninaieleza kwa kuwa ilinipata. Niliwahi kuomba maji ya betri dukani, nikapewa chupa isiyo na karatasi, na ndani yake kulikuwa na asidi ya kujazia betri mpya. Niliitambua pale tu tone lilipoanguka kwenye kitambaa cha pamba na baadaye pakatoboka. Tangu siku hiyo kila chupa ninayonunua ninamimina kijiko kimoja kwenye kisahani na kutia chembe ya magadi; kikitoa povu ni asidi, nayo isikaribie mfumo wala mikono yako.

Maji yakigeuka kijani cha kuelea, yenye utelezi, na ukuta wa tangi ukaota ukoga kama wa birika la nje, ni mimea midogo inayolishwa na mwanga. Lisafishe, lifunike tangi kwa tepu nyeusi na utumie mipira isiyopitisha mwanga. Yakigeuka buluu ya kijani bila utelezi, shaba inaliwa, aghalabu kwa maji yenye chumvi au mabaki ya dawa ya kulehemia ambayo hayakusuuzwa.

Ute wa kijivu au mweupe kama uji mwepesi ni habari mbaya zaidi: una rejeta ya alumini kwenye mfumo wenye bomba la shaba. Kwenye jedwali la kemia linalosomeshwa skuli za sekondari, shaba iko volti +0.34 na alumini −1.66, na metali mbili zilizoachana hivyo zikilowekwa kwenye maji mamoja hufanya kazi ya betri, alumini ikiwa ndiyo inayoyeyuka. Maji yenye chumvi huharakisha jambo hilo sana. Ikwaruze rejeta kwa msumari mahali palipofichika: ikionyesha wekundu au manjano ni shaba nyekundu au shaba ya manjano, ikionyesha weupe wa fedha chini ya rangi yake ni alumini, na ushauri wangu ni kuibadilisha kabla haijatoboka. Kulanti ya gari iliyochanganywa kwa asilimia 10 hadi 20 hupunguza kasi ya kuliwa, lakini haiiondoi. Nayo ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo katika nyumba yenye watoto au paka isiachwe kwenye chombo kilicho wazi.

Prosesa ni baridi lakini laptopu ni nzito

Soma joto la sehemu nyingine. Aliyeziondoa feni za kiwandani ameondoa pia upepo uliokuwa ukipita juu ya vipande vya kugawa umeme pembeni mwa prosesa, juu ya chipu ya picha na juu ya diski ya SSD. Navyo vikipata moto mashine hujizuia ingawa prosesa ina nyuzi 65 tu. Zirudishe feni. Baadhi ya laptopu hukataa hata kuwaka zikikosa feni zao. Angalia pia kama chaja ni ya wati zilezile zilizokuja na mashine.

Baada ya matengenezo

Kabla ya kuirudisha kazini, endesha pampu peke yake kwa saa 24, laptopu ikiwa imezimwa na betri imetolewa, na kila kiungio kimewekewa karatasi ya chooni iliyokunjwa chini yake. Zikague karatasi asubuhi kwa kuzishika, kwani unyevu mdogo hauonekani kwa macho. Zikiwa kavu zote, rudisha betri, ipe mashine kazi nzito kwa saa moja, na ukiwa katika saa hiyo kata umeme wa ukutani kwa dakika kumi kwa makusudi ili uone prosesa inafika wapi pampu ikiwa kwenye betri yake au ikiwa imesimama. Kisha andika joto la chumba, la maji yanayoingia, la yanayotoka na la prosesa kwenye kipande cha karatasi pamoja na tarehe, ukibandike chini ya tangi.